Mpishi wa Waliogoma

Mgomo wa kiwanda cha alizeti ulianza asubuhi kwa nyimbo, na ulipofika wakati wa chakula cha mchana ukapata tatizo lake la kwanza: mpishi naye alikuwa amegoma.

Hilo hakuna aliyeliwaza. Watu walikuwa wamewaza mambo makubwa. Walikwenda kwenye Tume ya usuluhishi wakasuluhishwa, wasisuluhishike. Wakapiga kura. Wakatoa taarifa mapema kama sheria inavyotaka, hata wakakubaliana na meneja kwamba watakaa ndani ya uzio, kwenye kivuli cha ghala, wasizibe barabara ya Kasokola wala kumtukana mtu. Ulikuwa mgomo wenye adabu kuliko harusi nyingi za Mpanda. Lakini mgomo, kama harusi, hupangwa na wenye midomo, na tumbo halialikwi kwenye vikao.

Thacienne alikuwa amekalia gunia tupu, miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani. Mikono ile haikuzoea kulala saa hizo. Siku nyingine ingekuwa imeshika mwiko mrefu kama kasia, inasonga ugali wa watu arobaini na ushei, huku macho yakitoka machozi kwa moshi na mdomo ukimsema kila anayechungulia sufuria. Alizaliwa Mishamo, wakati wazazi wake wakiwa bado wakimbizi kutoka Burundi. Akakulia kwenye mahindi na maharage, akapata uraia pamoja na wenzake, akaolewa, akafiwa, akahamia Mpanda mjini na binti yake Emelyne kwenye chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba wake hakuwa na habari na migomo ya watu. Kiwandani alikuwa na kazi mbili kwenye ajira moja: chai ya ofisi asubuhi na alasiri, na chakula cha wafanyakazi mchana. Mlo huo haukuwa hisani. Ulikuwa kwenye mkataba wa kila mmoja, pamoja na mshahara.

"Mama Emelyne," Nyanzala alimwita, "mbona umekaa kama mkwe?"

"Nimegoma."

"Hata mimi nimegoma. Nauliza tunakula nini."

Nyanzala ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alisimamia mashine ya kukamua, na miaka ya kuongea juu ya ngurumo ilikuwa imempa sauti ambayo hata mashine zikizimwa yenyewe haikuzimika. Wazazi wake walishuka kutoka Usukumani wakiswaga ng'ombe mpaka Katavi, na Thacienne hupenda kusema kwamba Nyanzala bado anawaswaga, ila sasa anaswaga watu.

"Waliopanga mgomo ni nyie," Thacienne alijibu. "Mimi nilinyoosha mkono tu."

Na kweli alinyoosha, ingawa dai lenyewe halikumhusu. Watu walidai posho ya kazi ya usiku, na yeye usiku alikuwa akilala kwake. Lakini kila asubuhi wa kwanza kumgongea jikoni walikuwa hao wa usiku, macho mekundu kama pilipili, wakiomba hata kikombe cha maji ya moto cha kupashia mikono. Kura yake aliipiga kwa ajili ya yule Capitoline wa kufunga mashudu, ambaye siku moja alisinzia amesimama, uji mkononi.

Walipokuwa bado wanatazamana, meneja Maximilian akatokea stoo anasukuma toroli mwenyewe, maana wasukuma toroli wote walikuwa kivulini wanamwangalia. Gurudumu lilikwenda kombo. Luhende, mpakiaji magunia, akasema kwa sauti ya huruma, "Meneja, bana mkono wa kushoto." Watu wakacheka. Maximilian naye akacheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa katikati, tajiri yuko Dar es Salaam kwenye simu na wafanyakazi wako mbele ya macho, na anayekaa katikati ya mlango ndiye anayebanwa vidole.

"Jamani, nisije nikasingiziwa," alisema, akifuta jasho. "Mgomo wenu ni halali, sina neno. Siku za mgomo halali, silazimiki kumlipa mtu kwa kazi ambayo hakuifanya. Hilo mnalijua?"

"Tunalijua," watu waliitikia, bila furaha.

"Mimi silijui," alisema Luhende. "Kwani hatulipwi?"

"Luhende!" Nyanzala akamgeukia. "Nililieleza kikaoni, ukawa unachezea simu. Mgomo siyo likizo. Sheria inakulinda usifukuzwe kwa kugoma, haikununulii kitanda cha kulalia. Tunapoteza leo ili tupate kesho."

"Basi ungelisema kwa sauti," alisema Luhende, na hapo hata Maximilian ilibidi ageuke pembeni.

"Lakini chakula," meneja aliendelea, "kwa kuwa ni sehemu ya malipo yenu, siruhusiwi kukikata. Sijakikata. Hiki hapa." Akaonyesha toroli: mfuko wa unga, maharage, chumvi.

"Kibichi?" aliuliza mtu.

"Mpishi wangu amegoma. Na kuleta mpishi mwingine kushika nafasi ya aliyegoma siruhusiwi vilevile. Kipengele hicho amenisomea mwenyekiti wenu, tena mara mbili, tena mnaijua sauti yake."

Watu wote wakageuka kumtazama Thacienne. Yeye akatazama vidole vya miguu yake kama vile navyo vina la kueleza.

Maximilian alipopita karibu naye kurudi ofisini, alipunguza mwendo. "Mama Emelyne," alisema chinichini, "wewe ukiingia jikoni umefanya kazi, na aliyefanya kazi analipwa. Mshahara wako kamili, kama vile hakuna mgomo. Na chai ya ofisi usiisahau. Tangu asubuhi kichwa kinaniuma."

Alipokwisha kuondoka, Nyanzala akasogea. "Amekuambia nini?"

Thacienne hakujua kuficha. Mtu aliyepikia watu wengi hujifunza kusema ukweli, maana sufuria litasema tu. "Amesema nikipika nalipwa."

Kisha Luhende akapiga mluzi. "Hee! Sisi tugome, mwenzetu achote."

Capitoline alivuta kanga yake vizuri begani, akatazama upande wa pili.

"Ukilipwa," Nyanzala alisema taratibu, na kwake taratibu ilikuwa bado inasikika getini, "sheria haitakusema. Lakini watu siyo sheria, shoga yangu. Watu wanakumbuka."

Thacienne aliwaza kodi ya chumba. Akamwaza Emelyne, ambaye alikuwa anakua kwa kasi isiyo na huruma na mfuko wa mama yake. Halafu akawaza jinsi atakavyopita kila siku katikati ya watu hawa, wakinyamaza anapokaribia. Mshahara ukikatwa unarudi mwezi ujao. Wenzako wakikukata, unarudishwa na nani?

"Sipiki," alisema.

"Safi!" alisema Luhende. Tumbo lake lilinguruma palepale, likimpinga hadharani.

*

Aliyejitolea kuokoa jahazi alikuwa mzee Stanslaus, fundi wa boila, mtu wa Karema, aliyeamini kwamba mapishi ni jambo dogo ambalo wanawake wamelikuza.

"Kwani maharage yanataka nini? Moto na maji. Moto ninao, maji ninayo. Mimi nachemsha tani za maji kila siku, nitashindwa na maharage?"

Ikaonekana ni busara. Kuni za jikoni zilikuwa mbichi, na maganda ya alizeti yalirundikwa kama kichuguu mbele ya boila. Stanslaus akawasha. Akachukua pipa lililowahi kuwa la mafuta, akalisuuza kwa mtindo wa mwanaume anayesuuza pipa, akamwaga maharage na maji, akaingiza bomba la mvuke ndani na kufungua koki. Pipa likaunguruma na kutetemeka kama linataka kupaa. Watu wakarudi nyuma.

"Mzee, yanaiva au yanapelekwa mwezini?" Luhende aliuliza.

Thacienne alitazama akiwa palepale kwenye gunia. Mara mbili aliinuka nusu, mara mbili akajikalisha. Hakuna mgomo mgumu kama wa kumwona mtu anaharibu maharage na wewe umenyamaza.

Yaliiva haraka kuliko yalivyostahili. Yalitoka yamepasuka yote, rangi ya tope, na ladha yake ilikuwa ya mafuta, chuma na majuto. Watu walikula kwa heshima ya mzee.

Shida haikuwa ladha. Shida ilikuwa moshi.

Huko Kasokola na vijiji vya jirani, mkulima wa alizeti hapigi simu kuuliza kama kiwanda kinanunua. Anaangalia bomba la moshi. Moshi ukipanda, kiwanda kina njaa, pakia mzigo uwahi foleni. Kwa hiyo wakati Stanslaus anafuta mdomo, baiskeli na pikipiki zilikuwa tayari njiani, magunia yamefungwa kwa mipira nyuma. Kabla alasiri haijapoa, getini palikuwa na foleni inayopiga kengele na honi, na mbele yake alisimama mkulima mmoja anaitwa Aloyce, gunia lake limeegemea ukuta.

"Fungueni, tumeona moshi," alisema.

Na Maximilian naye alikuwa ameuona. Alitoka ofisini uso umefunguka, simu bado iko sikioni. "Ndiyo bosi. Ndiyo, boila imewaka. Wamerudi." Akakata simu, akapanua mikono. "Karibuni kazini! Wote mliomo humu ndani ya uzio nawaandika mmeingia, na mshahara unaanza kuhesabiwa leo hii. Yaliyopita tusiyafukue."

"Nani karudi?" Nyanzala aliuliza.

"Fundi wa boila kazi yake ni nini? Kuwasha boila. Leo kafanya nini? Kawasha boila. Hiyo kama siyo kazi ni nini?"

"Nilikuwa napika!" Stanslaus akaja juu.

Maximilian alichukua kijiko, akachota kidogo pipani, akaonja. "Mzee wangu," alisema kwa upole, "huku siyo kupika."

Watu walicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la kulegea, na Thacienne aliusikia ule ulegevu kama anavyosikia uji unaotaka kumwagika. Luhende alikuwa amesimama. Wawili watatu nyuma yake walianza kukung'uta vumbi kwenye suruali. Wana njaa, wameahidiwa mshahara, na hakuna anayewalaumu kwa kuwa kosa limeshafanywa na mzee. Hivi ndivyo mgomo unavyokufa, aliwaza: bila ugomvi, kwa sahani mbaya ya maharage.

Akasimama.

"Keti, mama Emelyne," Luhende alimtania. "Wewe si hupiki?"

"Nimesimama kwa sababu nyie wote mnaongea habari ya kazi yangu na mimi nimekaa." Hakupandisha sauti. Watu walinyamaza kwa sababu hawakuwahi kumsikia akiongea bila kumfukuza mtu mlangoni. "Kwetu Mishamo tuna ikibiri. Leo tunalima kwa huyu wote pamoja, kesho kwa yule. Nyie Wasukuma mnayo ya kwenu, msijifanye mmeshuka na mvua."

"Tunayo," alikiri Luhende. "Na ngoma juu."

"Sasa siku ya ikibiri, mmoja anabaki nyumbani anachemsha maharage. Hakushika jembe. Jioni mnapohesabiana nani kalima, kuna anayesema yule hakulima?"

"Hakuna," alisema Nyanzala.

"Kalima. Na zamu yake ikifika, mnakwenda kwake na majembe yenu. Sasa mbona hapa nikipika mnanihesabu nimewaacha, na nisipopika mnauza mgomo kwa meneja kabla jua halijazama?"

Luhende akajikuna shingo. Halafu akapata wazo, na wazo lilimfurahisha. "Basi pika bure! Kama ikibiri yenyewe. Ukipika bure wewe ni mwenzetu, hakuna wa kukunyooshea kidole."

Watu kadhaa wakaitikia, na Capitoline aliinua uso kwa mara ya kwanza. Thacienne aliona mlango umefunguliwa mbele yake, mlango mzuri, mpana. Angeingia tu, wote wangempigia makofi. Neno "ndiyo" likamfika mdomoni. Akalimeza.

"Bure nampikia mwanangu," alisema. "Bure napika msibani. Lakini chakula hiki siyo mimi ninayewapa. Ni deni la tajiri kwenu, limo kwenye mikataba yenu. Nikimpikia bure namsaidia yeye kulipa deni lake kwa jasho langu. Huo mtauitaje mgomo? Nitapika, na kazi hiyo nitalipwa."

Nyanzala alikuwa ameweka mkono kiunoni. Alifikiri, na alipofikiri midomo yake ilicheza. "Mayu," alisema hatimaye, kwa neno la kwao la kumwita mama, "hapo umenifunga. Wabeja, asante."

"Vizuri sana," Maximilian alidakia, sauti ikiwa na matumaini. "Basi aanze na chai."

Thacienne akamgeukia. "Chai ya ofisi ni ya nani?"

"Ya... ofisi."

"Imo kwenye malipo ya hawa?"

"Haimo."

"Basi kwenye chai nimegoma."

Kivulini watu walilipuka kwa kicheko. Maximilian alisubiri kelele zipungue. "Mama Emelyne, mtu hawezi kugoma nusu. Mgomo ni kusimamisha kazi, yote au sehemu ya..." Akaishia hapo, kwa sababu ndivyo alivyoikariri yeye mwenyewe kutoka kwenye sheria, na alikuwa msomaji mzuri.

"Malizia, meneja," Nyanzala alimbembeleza. "Au sehemu ya nini?"

Stanslaus alikwenda kuuzika moto wa boila kwa majivu, akinung'unika kwamba siku hizi hata moshi una masharti, na bomba likaanza kukohoa moshi mwembamba, mpaka ukakatika. Getini Aloyce aliuona unakatika.

"Meneja!" aliita. "Mnanunua hamnunui?"

"Leo hapana."

"Nimesukuma gunia hili kilima chote kile. Sirudi nalo. Nitalala hapa na wenzangu mpaka mnunue."

Nao walikaa kweli. Siku zilizofuata magunia yalijipanga kando ya uzio, mawingu yakijipanga juu yake, na simu ya Maximilian ikaanza kupata moto kutoka pande zote mbili. Thacienne alipika kila mchana, akawapimia wagomaji sahani zao, akaosha sufuria, kisha akarudi kukalia gunia lake kugomea chai. Meneja alijipikia mwenyewe. Siku ya kwanza alisahau majani. Siku ya pili alisahau maji. Harufu ya aluminiamu iliyoungua ilifika mpaka kivulini, na Nyanzala akasema kuwa hiyo ndiyo harufu ya mazungumzo kukaribia.

Tajiri alikubali posho ya usiku mvua ya kwanza ilipodondoka juu ya magunia ya watu. Aliweka sahihi, moshi ukapanda, Aloyce akawa wa kwanza kwenye mizani.

*

Mshahara wa mwezi ule uliingia kwenye simu, na simu hazina aibu. Zililia zote kwa pamoja, watu wakiwa foleni ya chakula na sahani mikononi, na kila mmoja alisimama kusoma. Sauti zilishuka. Walijua utakatwa, lakini kujua ni kitu kimoja na kuona tarakimu ni kitu kingine.

"Siku zote za mgomo kazifyeka," alisema Luhende. "Hata moja hajaniachia."

"Ulitaka akuachie ya nini?" Nyanzala alimjibu, ingawa naye alikuwa anaikodolea simu yake kama inamdanganya. "Mwezi ujao posho inaingia. Subiri."

"Mimi siku niliyowasha boila mbona hajaniwekea?" Stanslaus alilalamika.

"Si ulisema ulikuwa unapika?"

"Basi anilipe kama mpishi!"

Ndipo Luhende akamgeukia Thacienne, na foleni nzima ikageuka naye. "Na yako, mama Emelyne? Imesomaje?"

Angeweza kusema hajaiangalia. Simu yake ilikuwa chini ya kitambaa, kando ya mwiko. Aliichukua, akaishika mbali kidogo na macho maana miwani hakuwa nayo, akaisoma kwa sauti, mpaka shilingi ya mwisho. Ilikuwa ndogo kuliko aliyoahidiwa kwa siri siku ile. Ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote pale.

Ugali ulitoa mvuke.

"Kwa hiyo," Luhende alisema, akipiga hesabu kwa vidole, "hicho kipande kilichokatika ni chai?"

"Ni chai."

"Mana yanje," alisema, akiiba kiapo cha Kirundi kwa lafudhi ya Kisukuma, "meneja anakunywa chai ghali!" Akasukuma sahani mbele. "Haya niongezee, wewe ndiye mwenye hela."

Thacienne alimkwangulia ukoko wa chini kabisa, mweusi, akamtupia sahanini. Watu wakacheka, na hili cheko lilikuwa na mifupa. Foleni ikaanza kusogea.

Capitoline peke yake hakucheka. Mwezi ule alikuwa amekatwa kuliko wengi, kwa sababu zamu zake zote za usiku ziliangukia kwenye siku za mgomo. Alifika mbele, akanyoosha sahani, akapokea, akaondoka bila neno, akaenda kula peke yake upande wa mizani. Thacienne alimwona. Alifikiri kumwita, akaona hana la kumwambia ambalo hakulisema siku ile mbele ya watu wote. Kazi aliifanya, malipo yake ni halali. Na Capitoline naye, kukasirika kwake ni halali vilevile. Hakuna Tume ya kusuluhisha hilo.

Kesho yake alimpimia sawa na wengine, na siku nyingine akampimia sawa na wengine. Hakumwongezea, maana kumwongezea kungekuwa kuomba msamaha, na yeye hakuwa na kosa.

Wiki ile ilikuwa inaelekea mwisho wakati Capitoline, aliyekuwa ametoka shifti ya usiku na bado hajaenda nyumbani, aliposimama mbele ya sufuria, akachovya kidole kwenye mchuzi wa maharage, tabia ambayo mwingine angechapwa mwiko kwayo.

"Chumvi imepungua," alisema.

Thacienne alionja. Haikupungua hata chembe.

"Kweli," alisema, akafungua kopo la chumvi.

"Usizidishe lakini."

"Kaa hapo basi, uniangalie."

Capitoline akavuta kigoda, akakaa.